Nilivyoiuza Mashine ya Syokau kwa Uangalifu Mkubwa

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Nimepewa jukumu. Ninaliandika kwanza, ili baadaye pasitokee mtu wa kusema sikupewa.

Dada yangu Syokau alikuja asubuhi kutoka Mumbuni kwa miguu, akipapasa ua njia nzima. Ananizidi miaka sita. Tangu mumewe afariki, miaka kumi na saba sasa, amekuwa akifuma sweta za shule hapa Machakos kwa mashine ile ile moja. Nusu ya watoto wa mji huu wamevaa kazi yake. Sasa macho yote mawili yameingiwa na mtoto wa jicho. Wiki iliyopita alifuma sweta yenye mkono mmoja wa kijani na mwingine mweusi. Mwenye shule aliirudisha bila kusema neno. Hilo ndilo lililomuumiza, kwamba hakusema neno.

Hospitali ya misheni itampasua jicho moja kwa shilingi elfu kumi na nane. Amepewa siku: tarehe kumi na tisa mwezi huu. Pesa hana. Ana mashine.

Mnunuzi tayari amempata. Ni Mutindi, fundi wa sweta kule Tala, anayetoa elfu ishirini na nne taslimu. Syokau aliniomba jambo moja tu: siku ya kuuza nisimame pale nihesabu noti, maana yeye hazioni.

Nilimwambia elfu ishirini na nne ni matusi. Mimi, Henry Musili, nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha pamba kwa miaka ishirini na miwili, mpaka kilipofungwa. Thamani ya kitu naijua. Tena yuko Nderitu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Mwezi Juni aliuza pampu ya maji kupitia mtandao, na tangu siku hiyo hatupumui. Mtu akienda kununua misumari anaelezwa habari za pampu. Nderitu, ambaye hawezi kuandika stakabadhi bila kukosea tarehe!

Nitaiuza mashine mtandaoni kwa elfu thelathini na moja. Syokau akasema sawa, kama mimi naona hivyo. Mke wangu Kavutha aliuliza kwa nini nisimwite Mutindi kesho tukamaliza. Nilimweleza kwamba kuna bei ya Tala na kuna bei ya dunia. Akarudi jikoni kuchambua mahindi ya muthokoi.

Jumanne, 4 Agosti

Mashine imeletwa kwangu kwa mkokoteni. Iko sebuleni, kwenye meza, katikati ya makochi yangu, chini ya shuka. Syokau aliisindikiza mpaka barabarani, akasimama. Mwenye mkokoteni alisema mama yule bado anapunga mkono. Nilimwambia asukume.

Nilikwenda kwa Wangu, mama mwenye saiba ya intaneti nyuma ya stendi ya mabasi. Zamani alikuwa mpiga chapa. Siku hizi ana kompyuta nne. Siku nyingine hazina kazi kwa sababu ya mgao wa umeme. Leo umeme ulikuwepo hadi saa sita. Alikuja na kamera yake ndogo, akaipiga mashine picha tatu, akaniandikia tangazo kama nilivyomsomea: Mashine ya kufuma sweta. Imetumiwa na mjane mwangalifu. Bei 31,000. Matapeli wasijisumbue.

Alinishauri niondoe sentensi ya mwisho. Nilikataa. Hiyo ndiyo ngao yenyewe.

Nilipokuwa nikilipa alinishika mkono wa koti. Alisema, "Bwana Musili, meseji si pesa. Ukiletewa meseji, uliza salio lako kwanza." Nilimshukuru kwa upole. Huyu mama ameona kompyuta miaka mitatu. Mimi nimekaa na wezi wa pamba miaka ishirini na miwili.

Jioni niliandika kanuni zangu mwenyewe, nikazipiga muhuri wangu wa zamani, nikazibandika ukutani. Ya kwanza: mali haitoki mpaka pesa zifike. Ya pili: mnunuzi aonyeshe kitambulisho. Ya tatu: stakabadhi nakala tatu. Kavutha alizisoma akiwa na sufuria mkononi. Aliuliza kama mtu akitaka kuketi kwenye kochi naye aonyeshe kitambulisho.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimemshinda tapeli wa kwanza. Namshukuru Mungu, na kidogo najishukuru mimi.

Wangu alinipigia simu kwamba kuna barua katika kompyuta. Anayejiita daktari, aliye ng'ambo, anaitaka mashine bila kuiona. Atatuma hundi ya elfu sitini. Mimi nichukue zangu, zinazobaki nimpe msafirishaji wake. Nilicheka peke yangu mpaka mwanafunzi aliyekuwa kando yangu akahama. Mtu akupe pesa zaidi ya bei, kisha umrudishie? Hundi inagonga mwamba benki, na wewe umeshatoa zako. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

Nilimjibu kwa mistari minane, ya mwisho ikiwa ni onyo. Kisha niliwaeleza watu wote wa saiba mchezo ulivyo, ili wajilinde. Njiani nilimweleza muuza maji. Nilimweleza pia mteja wa Nderitu, nikiwa nimesimama karibu vya kutosha ili Nderitu asikie. Aliendelea kupima nyaya.

Ijumaa, 7 Agosti

Mutindi alikuja mwenyewe kutoka Tala, bila kuitwa. Ni mama mnene, mpole, mwenye kikohozi. Amesikia mashine iko kwangu, amepanda bei hadi elfu ishirini na sita. Alikuwa na pesa ndani ya kiondo, chini ya nyanya. Syokau alikuwepo pia, ameketi kwenye kochi.

Sasa mimi nijiulize. Mtu anayepanda bei bila kusukumwa anataka nini? Nilimwomba kitambulisho. Akakitoa. Nilimuuliza mbona picha ni ya mtu mwembamba. Akasema ilipigwa mwaka wa themanini na nne. Nilimwomba noti moja, nikaitoa nje juani, nikaitazama, nikaikwaruza kwa ukucha. Nilirudi nikaomba ya pili. Nilipofika ya tisa, aliniuliza kwa sauti ya chini kama huwa nawafanyia hivi watu wote au ni watu wa Tala tu. Nilimwambia ni utaratibu. Nikamwomba pia aandike jina la chifu wake.

Aliokota noti zake moja moja. Aliinama kwa Syokau, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Mama Mbithe, mimi nilikuja kununua, sikuja kushtakiwa." Kisha akaondoka. Nyanya zake alituachia.

Syokau alibaki akitazama upande wa mlango. Anatazama sauti, siku hizi. Aliniuliza kama noti zilikuwa mbaya. Nilisema zilikuwa nzuri. Hakuuliza lingine.

Nimemtendea haki. Pesa nzuri mkononi mwa mtu usiyemjua ni jambo la kuchunguzwa. Hata hivyo jioni zile nyanya zake sikuzila.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya ibada, simu. Jina lake Josphat. Ni fundi mkuu wa karakana karibu na Kinanie. Anafungua kitengo cha kufuma sweta za makao ya mayatima. Ameona tangazo. Sauti ya mtu aliyesoma. Kila sentensi ananiita mzee.

Nilimsomea kanuni zangu zote tatu. Nilitarajia akate simu, kama wengine wawili wa jana. Hakukata. Aliniomba nizirudie polepole ili aziandike. Kisha akasema, "Mzee, mimi nimeuziwa hewa mara mbili. Mtu kama wewe ndiye nimekuwa nikimtafuta." Aliniuliza kama naweza kumruhusu azitumie kanuni hizo katika karakana yake.

Nilimruhusu.

Hakuomba kupunguziwa bei hata shilingi. Nilimweleza kisa cha daktari wa ng'ambo. Alicheka sana, akasema wakora wameharibu nchi, na akataka kujua niligunduaje. Tuliongea dakika ishirini na mbili. Aliyelipia simu ni yeye. Namtaja huyu kama ushahidi kwamba waungwana bado wapo, ila wanahitaji kuchujwa.

Kavutha alitaka kujua kama huyu ataonyesha pesa ama ataonyesha sauti tu.

Jumatatu, 10 Agosti

Mambo yamepangwa. Josphat atatuma pesa kwa simu kesho saa saba. Pikapu itakuwa mlangoni, lakini dereva ameamriwa asiguse mashine mpaka mimi nitamke kwamba nimepokea. Hilo ni wazo lake, si langu. Ameizidi kanuni ya kwanza.

Nilikwenda Mumbuni kumweleza Syokau. Alikuwa amefunga sanduku la hospitali: kanga mbili, sabuni, Biblia ya marehemu mumewe ambayo hawezi kuisoma. Aliniuliza nina hakika na mtu huyu. Nilisema nina hakika kuliko nilivyokuwa na hakika ya ndoa yangu. Akanionya nisimwambie Kavutha hivyo.

Kisha alinipa kopo la mafuta ya mashine, nimkabidhi mnunuzi, na maelekezo kwamba sindano ya nne kutoka kushoto hukwama wakati wa baridi, ipigwe kidole taratibu. Aliirudia mara mbili hiyo habari ya sindano.

Jumanne, 11 Agosti

IMEUZWA.

Naandika saa kumi jioni, mbele ya meza tupu. Pikapu ilifika saa saba kasoro tano. Dereva kijana mwenye adabu, kofia mkononi. Saa saba na dakika tatu simu yangu ililia. Ujumbe! Imethibitishwa, umepokea shilingi 34,000 kutoka kwa Josphat, jina langu lote limeandikwa, salio lako 34,000. Kila kitu kimepangwa vizuri, nambari kamili kamili.

Elfu thelathini na nne. Tatu zaidi. Nilikuwa bado nazitazama alipopiga simu, sauti imejaa aibu. Alisema amejumlisha nauli ya dereva kimakosa. Dereva analipwa elfu tatu na hana hata ya mafuta. Je, naweza kumpa dereva taslimu, ili tusisumbuane kutuma na kurudisha? Aliongeza kwamba kama nina shaka niache tu, atatafuta njia nyingine.

Mimi ni mtu mwaminifu. Pesa za mtu si zangu. Nilichukua elfu tatu katika kopo la Kavutha la majani ya chai, zile za mbegu za mvua ya Oktoba. Nitazirudisha kesho nikitoa pesa kwenye simu. Dereva alitia sahihi nakala zote tatu, nikapiga muhuri. Niliandika nambari ya gari pia. Tuliifunga mashine kwa shuka lake. Nilimweleza habari ya sindano ya nne. Akasema atakumbuka.

Kavutha alikuwa amesimama mlangoni. Alinisihi niende kwanza kwa Kanini, ejenti wa pesa za simu pale kona, dakika mbili tu, nihakikishe. Nilimwambia mgeni akiwa amesimama na kofia mkononi, kukimbilia kwa ejenti ni kumtukana. Alisema Mutindi pia alikuwa mgeni.

Gari likaondoka. Nderitu alikuwa mlangoni kwake akitazama. Nilimpungia mkono.

Jumatano, 12 Agosti

Nilifika kwa Kanini saa mbili na nusu asubuhi, nimevaa koti. Nilimwambia natoa elfu thelathini. Alinitazama, akasema nianze. Nilianza. Simu ikakataa. Nilianza tena. Alinyoosha mkono, akaichukua simu, akabonyeza, akaniuliza kwa upole nilitarajia kuwa na kiasi gani.

Nilisema thelathini na nne elfu.

"Mzee Musili," alisema, "hapa uko na mia sita arobaini."

Mia sita arobaini ndizo zilizokuwemo tangu Julai.

Nilimwonyesha ujumbe. Aliusoma mara moja tu. Akaniomba niketi. Hakuna kiti kwa Kanini, kuna kreti ya soda. Niliketi juu yake. Watu wawili walikuwa foleni nyuma yangu, na mmoja wao alisema pole kabla sijamwambia lolote.

Nilimpigia Josphat. Mteja hapatikani. Nilipiga mara kumi na nne. Nilitembea mpaka stendi, nikarudi, nikapita nyumbani bila kuingia, nikaenda tena mpaka stendi. Saa sita nilimwambia Kavutha. Alikuwa anafua. Aliendelea kufua shati lile lile muda mrefu. Kisha akauliza kuhusu kopo la majani ya chai, na nikamwambia hilo pia.

Alhamisi, 13 Agosti

Kituo cha polisi. Askari alikuwa na heshima, aliandika yote katika kitabu cha matukio. Alizisifu stakabadhi zangu. Alisema katika miaka yake yote hajawahi kuletewa wizi wenye nakala tatu. Nambari ya gari aliiulizia kwa simu. Ni ya trekta, huko magharibi. Sahihi ya dereva, tulipoitazama kwa makini, imeandikwa Dereva.

Alisema watajaribu. Alisema nisiweke moyo wote hapo.

Kutoka hapo nilikwenda Mumbuni. Hilo sikuweza kumwachia Kavutha, ingawa nilifikiria. Syokau alinijua kwa hatua. Aliniambia nimekanyaga kama mtu aliyebeba kitu. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilifika mahali pa meseji, nikafika mahali pa elfu tatu, nikamaliza.

Hakulia. Alinyanyuka akaenda ukutani ilipokuwa mashine, akapitisha kiganja pale hewani, kama mtu anayefuta vumbi. Miaka kumi na saba. Alisema, "Basi." Baadaye kidogo akauliza kama nilimweleza yule mtu kuhusu sindano. Nilisema nilimweleza. Alisema vizuri, maana anayeitumia hana kosa, huenda hata hajui ilikotoka.

Alinitengenezea chai. Akaimwaga kidogo nje ya kikombe, kwa kutoona. Niliinywa yote.

Jumamosi, 15 Agosti

Nilikuwa nje toka asubuhi. Nilikwenda Tala sokoni kuitafuta mashine. Nilizunguka kwa wauza vyuma vikuukuu na mitumba mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimwona Mutindi kwa mbali katika kibanda chake, nikajificha nyuma ya magunia ya vitunguu. Mwenye vitunguu aliniuliza nanunua ama naficha deni.

Nilirudi jioni. Sebule tupu. Makochi hayapo. Seti nzima, ya watu saba, niliyonunua kwa kiinua mgongo changu cha kiwandani. Zimebaki alama nne nne sakafuni na kanuni zangu ukutani.

Kavutha alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua maharagwe. Ameyauza. Kwa Nderitu. Elfu ishirini na moja, taslimu, shughuli nzima dakika kumi. Kumi na nane tayari amepeleka hospitalini na amepewa risiti. Tatu amerudisha kwenye kopo, na kopo halitajulikana lilipo.

Nilimuuliza kama aliandikiana na Nderitu. Hapana. Shahidi? Hapana. Nilimuuliza basi walifanyaje. Alisema Nderitu alimpa noti, akamuuliza, "Mama, umehesabu?" naye akajibu ndiyo. Wakabeba.

Nilitaka kumweleza hatari za kufanya biashara namna hiyo. Nilitazama mahali pa kuketi kwanza. Halafu nikaona niende nikalale.

Jumatano, 19 Agosti

Syokau amepasuliwa jicho la kulia. Nilisubiri nje kwenye benchi na Kavutha, na Mbithe, binti wa Syokau, aliyetoka Kithyoko kwa mumewe, kitoto mgongoni. Hakuna aliyenisema. Mbithe alinipa nusu ya ndizi yake. Ningependa anigombeze. Nilikaa na ile nusu ya ndizi mkononi mpaka ikageuka nyeusi.

Walimtoa kwa kiti cha magurudumu, jicho limefungwa kitambaa cheupe. Alisema haikuuma. Aliuliza kama Henry yupo. Nilisema nipo. Alisema, "Basi usiende mbali."

Ijumaa, 21 Agosti

Jana walimfungua kitambaa. Leo yuko kwetu, anaketi kwenye kiti cha kukunja cha kanisa. Anatazama kila kitu. Ametazama chungu kwa muda. Ametazama mikono yake pande zote mbili. Alinitazama mimi, akasema, "Kumbe umezeeka hivi, Henry." Miaka minne alikuwa amebaki na sura yangu ya zamani kichwani.

Aliniomba simu. Alitaka kuuona ule ujumbe. Sijaufuta, kwa sababu ya ushahidi. Aliusogeza karibu, jicho moja, midomo ikitembea. Ilimchukua kama dakika moja.

Alisema umetoka kwa nambari ya kawaida kama ya jirani, mbona. Meseji za pesa huja na jina la huduma. Tena salio limeandikwa elfu thelathini na nne kamili. Aliniuliza, "Na zile zako za kwanza, mia sita na ngapi, hawa walizipeleka wapi?"

Kavutha akainama juu ya jiko. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sijui kama alikuwa analia ama anacheka. Mimi nilisema ni jambo la ajabu jinsi madaktari walivyofanya kazi nzuri.

Mchana Mutindi alifika. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama karibu na choo, lakini kila kitu kinasikika pale. Amenunua mashine kwingine, ana mbili sasa na mikono miwili tu. Anataka Syokau aende Tala siku nne kwa wiki, afume kwa mashine ya pili, wagawane, jicho likishapona sawasawa. Kabla ya hapo atamletea kola za kuunganisha kwa mkono. Syokau alikubali kabla hajamaliza sentensi. Wakacheka. Mutindi aliuliza yule karani yuko wapi, asije akamtaka cheti cha ubatizo.

Nilingoja mpaka alipoondoka. Jua lilikuwa kali.

Jumatano, 26 Agosti

Mtu wa sensa alifika leo, kijana wa kike mwenye jaketi na fomu ndefu. Aliketi kwenye kigoda, mimi nikasimama. Aliuliza kazi ya mwenye nyumba. Nilisema mshauri wa biashara za mtandao. Kavutha alimwambia andika hana. Binti alitutazama wote wawili, akaandika kitu ambacho sikukiona.

Lakini sikusema uongo. Juzi nilikwenda kwa Wangu, nikaweka tangazo jipya kwenye ukurasa ule ule: kisa changu chote, jina langu, nambari yangu, kiasi nilichopoteza, na ushauri wa bure kwa wauzaji. Wangu aliniuliza kama ni lazima niweke na nambari. Nilimwambia mtu anayeonya watu hajifichi.

Na matunda yameonekana. Jana asubuhi alinipigia mtu mzito, inspekta mstaafu. Ana kitengo chake binafsi cha kurudisha mali iliyoibiwa kwa njia ya simu. Amesoma tangazo langu, limemgusa. Mashine ameiona kwa macho yake! Iko ghalani, mji fulani ambao hawezi kuutaja kwa sababu za upelelezi. Itaachiliwa Ijumaa. Kinachohitajika ni ada ya elfu mbili na mia tano ya kuitoa, ambayo nitarudishiwa mashine ikifika.

Si kwamba nimekubali hivi hivi. Yaliyopita yamenifunza. Nilimbana. Nilimuuliza jina la mwizi, akanijibu papo hapo: Josphat. Mtu asiyehusika angelijuaje, ikiwa sikuliandika popote ila kwenye tangazo? Nilimwambia mimi sitoi pesa kwa mtu asiye na kitambulisho. Hakukasirika. Alinisomea nambari yake ya kazi, tarakimu zote, mara mbili, nikaziandika na kuzipiga muhuri. Alisema laiti wananchi wote wangekuwa wakali kama mimi, kazi yake ingekuwa rahisi.

Baiskeli yangu nimemuuzia muuza maji. Taslimu. Kila noti nimeitazama juani, kumi na mbili za mia mbili na moja ya mia, zote safi.

Nimetuma pesa leo saa tano, kwa Kanini. Aliniuliza mara tatu namtumia nani. Nilimwambia ni jambo la upelelezi. Alishika simu yangu kwa muda kabla ya kunirudishia.

Sasa nimeketi mlangoni. Kavutha amepita na mtungi, ameuliza ninangoja nini. Sijamwambia. Nataka aione tu ikishuka kwenye gari, Ijumaa, na Syokau awe amesimama hapa, aitazame kwa lile jicho jipya.